Shata Imegoma: Namna ya Kuichunguza na Kuiamsha Shata ya Kamera ya Zamani ya Filamu

Maswali ni yale yale. Mtu amerithi kamera ya babu yake, anabonyeza kitufe na hakuna kinacholia. Mwingine amepiga filamu nzima, akaipeleka kusafishwa, ikarudi ama angavu kama kioo ama nyeusi tii. Wa tatu anasema kamera yake iko sawa kwenye 1/250 ya sekunde, lakini akiiweka kwenye sekunde moja inaanza kulia "zzz" halafu inakata pumzi katikati. Wote humalizia kwa swali moja: nianze kufungua skrubu ipi?

Usianze na skrubu yoyote. Kamera nyingi nilizoletewa zikiwa "zimekufa" hazikuwa na kitu kilichovunjika ndani. Grisi ya miaka hamsini ilikuwa imeganda, betri ilikuwa imechoka, au kulikuwa na kifungio ambacho mwenyewe hakukijua. Na zile zilizokuwa zimevunjika kweli, mara nyingi zilivunjwa na mkono wa mtu aliyekosa subira. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kutazama, kusikiliza na kupima. Bisibisi itafika zamu yake, lakini baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Shata ni kile kizuizi kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwenye filamu kwa muda uliouchagua, na muda huo ndio nitakaouita kasi. Kutega ni kuikaza springi yake, kwa kawaida kwa kuvuta mkono wa kusogeza filamu. Kufyatua ni kubonyeza kitufe ili springi ile iachiwe. Shata iliyotegwa ni kama mtego: ina nguvu ndani yake, na ukiingiza kidole au kibano pabaya, kinachoumia ni shata yenyewe.

Vitu vya kuandaa

Andaa hivi kabla hujagusa kamera:

- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, na chumba unachoweza kukitia giza kabisa.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde.
- Betri mpya ya aina sahihi, ikiwa kamera yako inatumia betri.
- Kipulizia hewa cha mkono, kile cha mpira. Hewa ya kopo ina nguvu mno kwa mapazia.
- Vijiti vya pamba, karatasi laini ya kusafishia lenzi, na kibano chembamba.
- Nafta, yaani ile petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya utambi. Inayeyusha grisi na kukauka bila kuacha uchafu mwingi.
- Bisibisi ndogo zinazokaa sawasawa kwenye skrubu. Kamera za Japani zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huzichuna vichwa. Nunua za JIS. Ni fedha ambayo hutaijutia.
- Daftari na kalamu. Huu ndio mwanzo wa kila utengenezaji unaofanikiwa.

Kitu kimoja kisikaribie meza yako: mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu, WD-40 na ndugu zake. Hupenya kila mahali, hulainisha kwa siku mbili, kisha hubaki kama gundi juu ya vibamba vya shata. Nimeona shata nzuri za Compur, zile zinazokaa ndani ya lenzi, zikiharibiwa hivyo, na kuzisafisha baada ya hapo ni kazi mara tatu ya ile ya mwanzo.

Onyo la usalama: kama kamera yako ni ndogo yenye flashi iliyojengewa ndani, usifungue ganda lake. Kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa takriban volti 300, na unaweza kubaki humo hata baada ya betri kutolewa. Kamera za kimekanika zisizo na flashi hazina hatari hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha haina filamu

Zungusha taratibu kishikio cha kurudishia filamu kuelekea upande wa mshale. Ukihisi mvuto, kuna filamu ndani. Irudishe kwanza, au kama kamera imekwama kabisa, ifungulie gizani. Usicheke hatua hii. Kamera nyingi zinazosemwa kuwa "mkono wa kuvutia umekwama" zimefika tu mwisho wa filamu, na anayeulazimisha mkono huishia kuchana filamu au kukata meno ya gia.

Hatua ya 2: Tambua aina ya shata

Fungua mgongo wa kamera, utazame pale filamu inapopita.

Ukiona pazia la kitambaa cheusi, una shata ya pazia inayokimbia kwa mlalo. Ndiyo iliyomo kwenye Pentax K1000, Olympus OM-1, Canon AE-1, Zenit, na Leica nyingi za zamani. Nikon F nayo ina mapazia yanayokimbia kwa mlalo, ila yametengenezwa kwa karatasi nyembamba ya titani.

Ukiona vibamba vya chuma vilivyopangwa kama bati za mlango wa gereji, hiyo ni shata ya chuma inayokimbia kwa wima. Nikkormat na Nikon FM ni mifano yake.

Na ukiona uwazi mtupu unaokupeleka moja kwa moja hadi nyuma ya lenzi, basi shata imo ndani ya lenzi yenyewe: vibamba vidogo vinavyofunguka kutoka katikati kama ua. Majina utakayoyakuta yameandikwa kuzunguka lenzi ni Compur, Prontor, Copal au Seikosha. Kamera za kukunjwa, Rolleiflex na Canonet ziko kundi hili.

Andika aina yake daftarini. Ushauri wa aina moja unaweza kuiua nyingine.

Hatua ya 3: Ondoa makosa ambayo si ya shata

Hapa ndipo nusu ya maswali huishia, kwa hiyo nenda polepole.

Angalia kama kitufe kina kifungio. Kamera nyingi zina pete au kishikio kidogo kinachokizuia kisibonyezwe.

Angalia umeweka kasi gani. Kwenye B, shata hubaki wazi mradi umeshika kitufe. Kwenye T, hubaki wazi hata ukiachia, mpaka ubonyeze tena au ugeuze kasi. Nimeandikiwa mara nyingi na watu walioamini shata imekwama wazi, kumbe iko T na inafanya inachotakiwa.

Kamera nyingine hazifyatuki bila filamu. Kodak Signet 35, kwa mfano, hutegwa na meno yanayozungushwa na filamu yenyewe. Ikiwa tupu, utavuta mpaka uchoke. Zungusha gurudumu hilo la meno kwa kidole, mgongo ukiwa wazi, na utasikia inategwa. Kodak Retina nazo zina kihesabu kinachorudi nyuma, na kikifika 1 kamera hujifunga mpaka ukirudishe juu.

Kwa kamera za kioo, yaani zile ambazo kioo cha ndani hupeleka picha kwenye kitazamio, toa lenzi na utazame ndani ya tundu lake. Juu ya kioo kuna sponji inayopokea kishindo chake. Sponji hiyo huoza na kuwa kama lami, kioo kikanata juu, nawe ukaona giza kwenye kitazamio na kudhani shata imekufa. Ikwangue kwa kijiti cha mbao na uisafishe kwa spiriti, ukiwa umeweka karatasi chini ili mabaki yasiangukie kioo. Kioo chenyewe usikiguse: fedha yake iko juu, si nyuma kama ya kioo cha nyumbani, na inakwaruzika kwa pamba tu.

Hatua ya 4: Betri

Kamera ya kimekanika hufyatuka bila betri. Betri yake ni ya kipima mwanga tu. K1000 na OM-1 ni za namna hiyo, kwa hiyo zikigoma, usiilaumu betri. Shata ya kielektroniki ni habari nyingine. Canon AE-1 haifanyi lolote bila betri yake ya volti 6. Yashica Electro 35 hufyatuka bila betri, lakini kila picha inatoka kwa 1/500, hivyo picha za ndani zinakuwa giza tupu na mwenyewe anatafuta kosa kwenye lenzi.

Weka betri mpya, na sugua viguso vyake. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, loweka kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua, kisha pitisha spiriti. Kamera isipoamka bado, jaribu kufyatua huku ukiikandamiza betri kwa kidole. Ikiamka, tatizo ni kiguso kilicholegea.

Hatua ya 5: Tazama na usikilize

Sasa tega na ufyatue, ukianza na kasi za juu kwenda za chini. Lakini kabla ya hapo, sikia sheria tatu ambazo zikivunjwa huvunja kamera:

Kwenye Zorki, FED na Zenit za zamani, tega kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza kasi kabla ya kutega, unaweza kuharibu mitambo ya ndani.

Kwenye Compur nyingi, fanya kinyume kwa ile kasi ya juu kabisa: ichague kabla ya kutega, kwa sababu ina springi yake ya ziada. Ukihisi pete inagoma kuingia 1/500, usiisukume.

Na kile kishikio cha kujipigia picha kwa kuchelewa, kwenye lenzi mara nyingi kimeandikwa V, usikiguse kabisa. Ni kipande kinachochakaa mapema, na kikikwama katikati huifunga shata nzima. Hata kwenye kamera yangu inayofanya kazi vizuri, sikitumii.

Mgongo ukiwa wazi, elekeza lenzi kwenye dirisha lenye mwanga na uweke jicho nyuma. Je, mwanga unaonekana kila unapofyatua? Je, vibamba vinafunguka hadi mwisho, au vinabaki vimefumba nusu? Kwenye kasi za juu, fremu nzima inang'aa, au ukingo mmoja una kiza?

Kisha sikiliza. Kasi za chini, kuanzia 1/30 au 1/15 kushuka, huongozwa na kijitambo cha gia kinachochelewesha shata. Mlio wake ukiwa mzima ni "zzzzz" wa kiwango kimoja, kama wa saa ya kuchezea ikijifungua. Ukiruka, ukipungua nguvu au ukisimama, grisi imeganda kwenye gia hizo.

Hatua ya 6: Pima kwa simu

Masikio hudanganya, hasa ukiwa unaipenda kamera. Pima.

1. Simamisha kamera mgongo ukiwa wazi, weka taa mbele ya lenzi, na ufungue tundu la lenzi lote.
2. Weka simu nyuma ya kamera juu ya kitu kisichotikisika. Hakikisha katika mipangilio kwamba inarekodi fremu 240 kwa sekunde.
3. Rekodi ukifyatua mara tano kwa kila kasi, kuanzia sekunde moja hadi 1/60.
4. Fungua video, isogeze fremu moja moja, na uhesabu fremu zenye mwanga.

Shata sahihi itakupa fremu 240 kwa sekunde moja, 120 kwa 1/2, 60 kwa 1/4, 30 kwa 1/8, 16 kwa 1/15, 8 kwa 1/30 na 4 kwa 1/60. Ukipata fremu 12 kwenye 1/30, gawanya 240 kwa 12: kasi yako halisi ni 1/20.

Kwa shata ya pazia, chagua nukta moja katikati ya dirisha la filamu, uhesabu fremu za video tangu pazia la kwanza lilipoiacha wazi hadi la pili lilipoifunika. Ukihesabu safari yote ya mapazia, utapata muda mrefu kuliko ukweli, na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Zaidi ya 1/60 simu haikusaidii tena, kwani kosa la fremu moja linakuwa kubwa kuliko kipimo chenyewe. Kwa kasi hizo kuna vipimaji vidogo vyenye kihisi cha mwanga, ambapo 1/500 inatakiwa isome milisekunde 2 na 1/1000 isome 1. Kama kwenu bado kuna televisheni ya chogo, ni kipimaji kizuri sana kwa mapazia ya mlalo: tazama kioo chake kupitia mgongo wa kamera kwenye 1/500, utaona ukanda wa mwanga umelala kwa mshazari. Upana wake ukiwa ule ule kutoka ukingo hadi ukingo, mapazia yanakimbia sawa. Ukianza mpana na kumalizikia mwembamba, pazia la pili linalifukuza la kwanza.

Sasa namna ya kuyasoma majibu. Shata ya zamani inayochelewa kwa asilimia 20 au 30 ni nzima kwa filamu za negativu, ambazo huvumilia mwanga wa ziada bila shida. Filamu za slaidi hazina subira hiyo. Lakini ninachokiangalia zaidi ni kama vipimo vitano vinafanana. Shata inayotoa 1/30 kila mara ukiweka 1/60 ni ya kutumika leo hii. Unaihesabu tu kuwa 1/30. Inayotoa 1/60, kisha 1/20, kisha 1/45 haiwezi kuaminiwa, na karibu kila mara dawa yake ni kusafisha.

Hatua ya 7: Izoeshe kazi

Kamera iliyolala miaka ishirini ni kama goti lililokunjwa muda mrefu. Tega na ufyatue mara thelathini kwa kasi ya juu, kisha ya kati, kisha shuka. Ipumzishe usiku, urudie kesho. Shata kadhaa hurejea zenyewe kwa njia hii tu.

Ikiwa inafanya kazi vizuri chumba kikiwa na joto na kugoma asubuhi ya baridi, umepata jibu: ni grisi. Usijaribu kuharakisha mambo kwa kuianika juani au kuielekezea mashine ya kukaushia nywele. Joto hulegeza gundi ya vipande vya lenzi na kuyeyusha mafuta yakatiririkia penye vibamba.

Hatua ya 8: Tafuta matundu kwenye pazia

Hii ni kwa mapazia ya kitambaa peke yake. Toa lenzi, ingia chumba cha giza, fungua mgongo, na pitisha tochi upande wa mbele huku ukitazama nyuma. Pazia zima halipitishi hata chembe. Ukiona vinyota, hayo ni matundu. Kwa kamera zisizo na kioo, kama Leica na Zorki, mara nyingi ni jua lililoyatoboa: lenzi ikiachwa bila kifuniko ikitazama jua, hukusanya miale juu ya pazia kama kioo cha kukuzia. Tega, ukague tena, maana kuna mapazia mawili.

Tundu dogo huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayobaki laini ikikauka. Paka safu nyembamba mno kwa ncha ya brashi, na usitege wala kufyatua mpaka ikauke kabisa, la sivyo pazia litajinata lenyewe kwenye roli. Pazia lililokakamaa au lenye mikunjo na nyufa halizibiki. Hubadilishwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua ya 9: Safisha shata ya ndani ya lenzi

Hii ndiyo kazi ambayo mwanafunzi mwenye subira anaweza kuifanya na kufaulu, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Fanyia penye hewa, mbali na moto wowote. Nafta huwaka haraka.

1. Piga picha kila hatua kwa simu, hata ile unayoiona ya kijinga.
2. Fungua kipande cha mbele cha lenzi kwa kukizungusha. Kama kamera hulenga umbali kwa kipande hicho, weka kwanza kwenye alama ya umbali usio na mwisho, uweke alama ya penseli, na uhesabu mizunguko mpaka kitoke. Ukipuuza hili, shata itapona lakini picha zote zitakuwa na ukungu.
3. Weka shata kwenye B au T na uvitazame vibamba kwa tochi. Mafuta hung'aa, wakati mwingine kwa rangi za upinde wa mvua.
4. Lowesha kijiti cha pamba kwa nafta kidogo, pangusa vibamba vikiwa vimefumba, fyatua mara kadhaa, kisha pangusa kwa kijiti kikavu. Rudia. Pamba mbili za mwanzo zitatoka nyeusi. Endelea mpaka itoke nyeupe, halafu rudia mara mbili zaidi.
5. Kama kasi za chini pekee ndizo mbovu, ondoa pete ya mbele na bamba la kasi chini yake, huku ukikumbuka lilivyokaa. Dondosha tone moja la nafta kwenye gia za kuchelewesha na uzifyatue kwenye sekunde moja, mara ishirini au zaidi. Nyonya ziada kwa karatasi.
6. Acha ikauke saa 24 kabla ya kupima tena.

Usimimine. Ukimimina, nafta hubeba mafuta yote ya gia na kuyaweka kwenye vibamba na kwenye lenzi ya nyuma, na kisha utalazimika kuifungua shata yote. Usitumie asetoni, hula rangi na plastiki. Na ukiona kwamba vibamba vya tundu la lenzi, vile vya kupunguza mwanga, katika shata ya kale sana si vya chuma, usivilowanishe hata kidogo.

Kuhusu mafuta: vibamba havipakwi mafuta. Kamwe. Vimeundwa kukimbia vikiwa vikavu. Ekseli za gia zinaweza kupewa mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, kiasi ambacho macho yako yatashindwa kukiona. Mimi mara nyingi naziacha bila kitu.

Hatua ya 10: Mapazia na vibamba vya wima

Hapa fanya kidogo. Nafta isiguse pazia la kitambaa, kwa sababu kitambaa hicho kimepakwa mpira na mpira huo huharibika. Unachoweza kufanya ni kupuliza vumbi kwa mkono, kuizoesha kama nilivyosema, na kuzikwangua sponji zilizooza.

Vibamba vya wima vya chuma vikiwa na mafuta, vipanguse kwa kijiti chenye nafta kwa mguso wa unyoya, ukifuata urefu wa kibamba. Ukivisukuma kwa ndani vitapinda, na kibamba kilichopinda hakinyooki.

Chini ya kamera nyingi za pazia, ukitoa bamba la chini, utaziona skrubu mbili za kukaza springi za mapazia. Ziache. Pazia linalochelewa kwa uchafu halihitaji springi ngumu zaidi, linahitaji kusafishwa. Anayekaza hapo bila kipimaji hupata kasi moja sahihi na nyingine zote mbovu, na hakumbuki tena zilikuwa wapi.

Matatizo na sababu zake

*Ilifanya kazi vizuri ikiwa na nafta, ilipokauka ikagoma tena.* Nafta yenyewe ilikuwa inailainisha. Grisi imebaki ndani. Rudia hatua ya 9, mara mbili au tatu. Hii ni kawaida na haina maana kwamba umekosea.

*Negativu ina ukanda usio na picha kwenye kasi za juu tu.* Pazia la pili limelifikia la kwanza kabla ya mwisho wa safari. Kwenye 1/1000 mwanya kati yao ni wa milimita 3 hivi, kwa hiyo kuchelewa kidogo kunatosha kuufunga. Tumia 1/250 kushuka mpaka fundi aisafishe.

*Kila picha ya flashi ina nusu nyeusi, lakini zisizo za flashi ziko sawa.* Shata ni nzima. Umepita kasi ya flashi, ambayo kwa mapazia ya mlalo ni 1/60 hivi, na kwa ya wima mara nyingi ni 1/125.

*Vinukta vya mwanga kila picha, mahali pale pale.* Matundu ya pazia. Rudi hatua ya 8. Mistari au ukungu unaoanzia ukingoni ni jambo jingine: sponji za mlango wa nyuma zimeoza.

*Canon AE-1 inakohoa au kulia kama bawaba kavu inapofyatuka.* Sauti hiyo hutoka kwenye gia za kioo, si kwenye shata. Inahitaji tone la mafuta mahali maalumu. Ikiachwa, kioo huanza kuchelewa.

*Yashica Electro 35 haitoi tena kile kishindo cha "klak" mkono unapovutwa.* Kipande kidogo cha mpira ndani kimeoza, na kasi haziwezi kutegemewa mpaka kibadilishwe.

*Minolta X-700 ina betri mpya lakini haifyatuki na mkono hauvutiki.* Kapasita iliyochoka ni ugonjwa wake unaojulikana. Ni kipande cha bei ndogo, ila kinataka chuma cha kulehemu na mkono uliozoea.

*Mkono umekwama katikati ya safari, na hakuna filamu.* Acha hapo hapo. Usiuvute, usiurudishe. Hili ndilo tatizo moja ambalo kila jaribio la nyumbani huliongeza.

Ukiamua kumpelekea fundi, mpe na ule ukurasa wa daftari: aina ya shata, fremu ulizohesabu kwa kila kasi, ulichosafisha na kwa kitu gani, na kama hali hubadilika kwa joto au baridi. Mwambie pia ukweli kuhusu skrubu uliyoigusa, na kama kamera iliwahi kupuliziwa mafuta. Fundi anayejua hayo ataanza pale ulipoishia.